Mashine ya Kuunganishia Fremu za Meno: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kabla ya kuulizia bei, mwenye maabara ya meno azitazame fremu, yaani viunzi vya chuma vya meno ya bandia, zinazorudi kwake zikiwa zimekatika, na apime umbali uliopo kati ya mvunjiko na akriliki, ile plastiki inayofanana na ufizi. Fremu ya kobalti-kromu iliyokatika klaspi, yaani ule mkono mdogo unaoshika jino, mara nyingi huwa imevunjika milimita chache tu kutoka kwenye akriliki ya waridi. Ukiilehemu kwa mwali wa gesi, itakubidi kwanza uondoe akriliki na meno ya upande huo, kisha uyapange upya, na muda wote huo mgonjwa anakula uji.

Kwa sababu hiyo naiweka leza ya mezani ya aina ya Nd:YAG (inayotumia fuwele yenye neodimiamu) katika nafasi ya kwanza. Mwanga wake wa nanomita 1064 hutoka kwa mapigo ya milisekunde chache, na joto hubaki katika doa dogo kiasi kwamba fundi hushika fremu kwa vidole vyake mwenyewe ndani ya kisanduku cha mashine, akitazama kwa hadubini. Titani huupokea mwanga huo vizuri, ilhali dhahabu na fedha huurudisha sehemu kubwa, hivyo huhitaji nguvu zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haizami sana: kiungo kinene lazima kichongwe pande zote mbili na kujazwa kwa waya wa chuma kilekile usio na kaboni, kwa kuwa kaboni huufanya mshono wa kobalti-kromu uwe mkavu na wa kukatika upesi. Hakikisha unaweza kurekebisha volteji, muda wa pigo na kipenyo cha doa, kila kimoja peke yake. Hakikisha pia kwamba leza haifyatuki kisanduku kikiwa wazi, kwani mwanga huo hauonekani kwa macho lakini hufika hadi kwenye retina, na kwamba moshi unavutwa. Aloi za zamani za nikeli-kromu zenye berili hutoa moshi unaodhuru mapafu.

Nafasi ya pili naipa mashine ndogo ya TIG ya mapigo, inayochomelea kwa cheche kutoka ncha ya tangsteni chini ya argoni, gesi inayozuia hewa isifike kwenye mshono. Bei yake ni ndogo kuliko ya leza, na maabara inayopokea fremu chache kwa wiki, zote za kobalti-kromu, ingenunua hii bila kusita. Joto lake husambaa zaidi, fremu lazima ibanwe kwa koleo la umeme, na ncha huhitaji kunolewa kila mara.

Leza iliyotumika naiweka ya tatu, chini ya TIG mpya, ingawa wengi watanipinga. Taa ya mweko inayoipa leza nguvu huchakaa kulingana na idadi ya mapigo, maji ya kupoza hutaka kubadilishwa, na mtumba usio na fundi wa karibu wa kuuhudumia huishia kufunikwa kitambaa. Mwali wa gesi ni wa mwisho: haufai kwa titani, ambayo ikipata moto hunyonya oksijeni ikawa dhaifu, na lehemu ya metali tofauti na fremu huweza kuliwa na kutu mdomoni.

Kwa leza na TIG, tenga bajeti ya mtungi wa argoni safi wa asilimia 99.99 au zaidi, pamoja na kifaa cha kutuliza umeme pale unapopanda na kushuka.

Siku ya kukagua, beba vipande vyako mwenyewe, kimoja cha titani na kimoja cha kobalti-kromu, na umwombe muuzaji akuachie uchomelee wewe. Mshono wa titani ukitoka na rangi ya fedha inayong'aa, argoni imefika. Ukiwa wa buluu au wa kijivu, hewa imeingia. Kisha ukunje kwa koleo: chuma kikipinda kando ya mshono kabla mshono wenyewe haujaachia, endelea kuzungumza bei.