Kivinjari cha ICD-10 cha Shirika la Afya Duniani: kimenifaa sana kwenye faili za mafuta ya damu

Niko kitengo cha kumbukumbu katika zahanati ya binafsi hapa Malindi. Madai ya bima hayatumwi kabla sijayawekea misimbo ya magonjwa. Kwa miaka mingi tulitegemea karatasi iliyobandikwa ukutani, nayo kwa mafuta ya damu ilikuwa na msimbo mmoja tu, E78.5. Basi kila mwenye mafuta akawa E78.5.

Siku hizi nafungua mtandaoni kivinjari cha ICD-10, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, nacho ni bure. Naandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na kundi zima la E78 linajitokeza. Kolesteroli ikipanda peke yake ni E78.0, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) peke yake E78.1, vyote viwili E78.2. E78.5 inabaki kwa ambaye aina yake haikutajwa. Ninachokipenda zaidi ni kwamba chini ya kila msimbo kuna majina mengine ya ugonjwa uleule. Daktari akiandika "Fredrickson IIa", jina la kitaalamu la kolesteroli iliyopanda peke yake, sihitaji kumkimbilia. Naiona palepale chini ya E78.0, pamoja na kolesteroli ya kurithi.

Tofauti hizi zina uzito kwa mgonjwa. Trigliseridi zikipita 5.6 mmol/L, daktari huanza kuhofia kongosho kuvimba. Chukua mzee ambaye zinampanda kila akizidisha pombe ya mnazi, na kolesteroli yake haina neno. Ukimwandika E78.5, atakayefungua faili zamu nyingine hana pa kuanzia.

Lakini kivinjari hakiwezi kuongeza ambacho daktari hakuandika. Faili ikisema "mafuta yako juu" basi, ni E78.5 tena. Wala mimi sina ruhusa ya kutazama majibu ya maabara nikajichagulia msimbo, maana kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari. Hapo ndipo muda wangu mwingi unapokwenda, kurudisha faili na kuomba aina iandikwe, na kama ni ya kurithi isemwe. Presha na sukari pia zitajwe, kwa sababu misimbo yake, I10 ya presha na E11 ya sukari ya aina ya pili, inajitegemea. Na nafasi ya LDL (kolesteroli mbaya) ikiwa wazi kwenye majibu, maabara wasilaumiwe haraka: trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L, ile hesabu ya kawaida ya kuipata LDL haiaminiki.

Wenzangu wa kumbukumbu, tahadhari moja. Ukitafuta msimbo kwenye Google, mara nyingi unaangukia toleo la Marekani, lenye E78.00 na E78.01. Toleo la Shirika la Afya Duniani halina tarakimu hiyo ya mwisho, na tumewahi kurudishiwa madai kwa sababu hiyo. ICD-11 nayo, toleo jipya la Shirika hilo lililoanza kutumika Januari 2022, imeyapeleka mafuta ya damu kwenye 5C80. Ulizeni kwanza bima yenu inapokea toleo lipi.