Civita di Bagnoregio: anzieni makumbusho kabla ya kupiga picha

Wageni wengi wanaovuka daraja la kijiji cha Civita di Bagnoregio, kaskazini mwa Roma, huenda moja kwa moja kwenye uwanja wa kanisa la San Donato, hupiga picha, kisha hurudi walikotoka. Nawasihi waanzie Palazzo Alemanni, yalipo Makumbusho ya Jiolojia na Maporomoko yaliyofunguliwa mwaka 2012, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini kijiji kilichoanzishwa na Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita kimebakiwa na wakazi wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole.

Makumbusho ni madogo, lakini maelezo yake yanafuatana vizuri. Kijiji kimekaa juu ya bamba la jiwe la volkano, na chini ya bamba hilo kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama zamani mahali hapo palipokuwa bahari. Vijito vinapoula udongo huo, jiwe hukosa pa kuegemea, hupasuka, na kipande kizima huanguka bondeni pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Nyumba aliyozaliwa Mtakatifu Bonaventura katika karne ya 13 ilipotea kwa njia hiyo. Baada ya tetemeko la mwaka 1695, askofu na serikali ya mji walihamia mji jirani wa Bagnoregio, na familia nyingi zikawafuata.

Daraja la sasa, lililojengwa mwaka 1965 baada ya lile la awali kubomolewa katika Vita Kuu ya Pili, ni la waenda kwa miguu, na mwisho wake una mwinuko mkali ambao wenye magoti mabovu wanapaswa kuufikiria mapema. Kiingilio cha kijiji kilianza mwaka 2013 kwa euro 1.50 na baadaye kikapanda hadi euro 5. Mimi nililipa kwa moyo mweupe, maana wakazi hao wachache hawawezi kubeba peke yao gharama za kuushikilia mwamba.

Nilipoingia kijijini nilikuwa nimepita mbele ya ukuta mzuri wenye madirisha yanayoonyesha anga, nikadhani jumba linakarabatiwa. Nilipotoka makumbusho nilirudi pale, nikasimama muda mrefu: vyumba vilivyokuwa nyuma ya madirisha hayo vilishaporomoka bondeni.