Filamu ya Kinga kwa Taa na Rangi ya Gari: Mahali Inapostahili Kulipiwa

Mtu mwenye gari lililoagizwa Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo magari mengi ya Dar es Salaam, na ambaye fedha yake inatosha kulinda sehemu chache tu za gari hilo, ningemshauri aanze na taa za mbele, afuate ukingo wa boneti, na mengine yote yasubiri. Huo ndio uamuzi niliofikia baada ya kuitumia filamu ya kinga, utando angavu wa plastiki unaobandikwa juu ya taa au rangi ambao mafundi wengi wanauita PPF, kwenye taa, boneti na vioo vya pembeni vya Toyota Harrier inayosafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Iringa. Bidhaa yenyewe ni nzuri, na kwenye taa ni nzuri sana, lakini inatangazwa kwa maneno makubwa kuliko uwezo wake, na mnunuzi asiyejua inafanya nini na haifanyi nini anaweza kuilipia mahali isipohitajika.

Barabara ninayoizungumzia ndiyo inayobeba malori ya kwenda Tunduma, na kutoka huko kuingia Zambia na Kongo. Kuanzia Chalinze hadi Morogoro, na kuendelea kupita Mikumi hadi mlima Kitonga, gari dogo hukaa muda mrefu nyuma ya lori likisubiri nafasi ya kupita, na kila mahali lami inapofumuliwa kwa matengenezo hubaki kokoto ambazo matairi ya lori huzirusha nyuma. Kokoto hizo hazilipigi gari lote kwa usawa. Zinapiga taa, bampa, ukingo wa mbele wa boneti, migongo ya vioo vya pembeni na sehemu ya chini ya milango iliyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Kwa sababu hiyo, kulifunika gari zima pamoja na paa na milango ya nyuma ni matumizi ambayo siwezi kuyatetea kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Taa zinatangulia kwa sababu uharibifu wake unagusa uhai wa watu, wakati rangi iliyochubuka inagusa zaidi sura ya gari na bei yake. Taa za Land Cruiser na Land Rover za zamani zilikuwa na kioo halisi, na ndiyo maana hadi leo utaona gari la aina hiyo lililochakaa kila mahali huku taa zake zikiwa bado angavu. Magari ya kisasa yamefunikwa taa zake kwa plastiki ya polikaboneti, ambayo ni nyepesi, haipasuki ovyo na hufinyangwa kwa umbo lolote. Udhaifu wake ni kwamba mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huuharibu uso wake, ukaingia umanjano na baadaye ukungu, hivyo kiwandani hupakwa tabaka jembamba na gumu la kuizuia mionzi hiyo. Gari lililokwisha kutumika miaka kadhaa Japani linatufikia likiwa limeshapoteza sehemu ya tabaka hilo, na jua la karibu na ikweta, ambalo ni kali mwaka mzima, linaimalizia sehemu iliyobaki.

Ukungu huo si jambo dogo. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa za namna hiyo mwaka 2018 na kueleza kuwa taa zilizofifia na kuwa za manjano zinaweza kutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga unaotolewa na taa mpya, na kwamba kuzisafisha kitaalamu kunaweza kuurudisha mwanga hadi karibu asilimia 70. Mtu aliyewahi kushuka Kitonga usiku kwenye mvua, huku taa za lori linalopanda zikimpiga machoni, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya tofauti hiyo.

Njia zinazotumika zaidi mitaani kuondoa ukungu ni dawa ya meno, dawa ya kupulizia mbu na msasa. Dawa ya meno hukwangua kidogo na kuleta mng'ao wa muda mfupi. Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET huyeyusha uso wa plastiki, na mng'ao unaoonekana mara baada ya kuifuta ni wa plastiki iliyoshambuliwa, kwa hiyo naomba mtu asiikubali hata akifanyiwa bure. Petroli na thina nazo huipasua polikaboneti kwa nyufa ndogo ambazo haziondoki. Msasa wa maji, ukianza na namba 800 au 1000 na kupanda taratibu hadi 2000 na 3000, kisha dawa ya kung'arishia, ndiyo kazi sahihi, lakini ni nusu ya kazi. Msasa unapoondoa ukungu unaondoa pia mabaki ya kinga ya kiwandani, na taa iliyoachwa hivyo hurudia ukungu ndani ya miezi michache, mara nyingi ukiwa mbaya kuliko wa kwanza. Hapo ndipo filamu inapostahili fedha yake: ikibandikwa mara tu baada ya msasa na usafishaji, inachukua nafasi ya ile kinga iliyokwanguliwa.

Filamu bora hutengenezwa kwa poliurethani, plastiki laini inayonyumbuka, na asili yake inatokana na vita vya Vietnam, ambako kampuni ya 3M ilitengeneza utando wa kukinga mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga na vifusi. Zilizo nyingi sokoni zina unene wa milimita 0.15 hadi 0.2, wakati tabaka la juu la rangi ya gari, lile ambalo mafundi wa rangi huliita klia, kwa kawaida halifiki hata milimita 0.1. Unene huo na ulaini wa poliurethani ndivyo vinavyopokea pigo la kokoto. Zile za daraja la juu zina pia uso unaojirudisha, yaani mikwaruzo myepesi ya kitambaa au ya matawi hupotea gari likipigwa na jua au likimwagiwa maji ya moto. Kwenye Harrier hii taa zimebaki angavu, na alama za mawe zinazoonekana ukikaribia ziko juu ya filamu, chini yake plastiki ni nzima.

Kuhusu rangi, hukumu yangu ina masharti. Bampa ni plastiki na haishiki kutu, kwa hiyo likichubuka hasara ni ya sura peke yake. Ukingo wa boneti kwa kawaida ni chuma, na chuma kilichofunuliwa na jiwe katika jiji lenye hewa ya chumvi kama Dar es Salaam huanza kutu mapema, kisha kutu hutambaa chini ya rangi nzima iliyo jirani. Ningelipia boneti kabla ya bampa, ingawa mafundi wengi hupendekeza kinyume chake. Zaidi ya hapo, magari mengi yaliyotumika yameshapakwa rangi upya sehemu fulani, na rangi ya gereji isiyoshika vizuri inaweza kubanduka pamoja na filamu siku ya kuitoa. Fundi mwaminifu hulipima hilo na kumweleza mteja kabla hajaanza kazi. Rangi mpya kabisa nayo iachwe ikauke kwa wiki kadhaa kabla ya kufunikwa.

Wapo wanaouza kinga ya seramiki, dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi na kukauka, kama mbadala wa filamu. Seramiki hurahisisha uoshaji, hufukuza maji na kupunguza madoa ya vinyesi vya ndege, na kwa kazi hiyo naisifu. Unene wake hata hivyo ni wa mikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita, na jiwe lililorushwa na tairi la lori halitambui kuwa ipo. Mtu aliyeahidiwa kuwa seramiki itazuia rangi yake isichubuke kwa kokoto ameahidiwa kisichowezekana.

Kero za filamu zipo. Siku za mwanzo huonekana vipovu vya maji na ukungu mwepesi ambao huondoka wenyewe kadiri maji yanavyokauka, na kipindi hicho gari lisioshwe kwa mashine ya presha. Kingo zake hukusanya vumbi, hasa kwenye gari jeupe, na zinahitaji kufutwa kwa brashi laini. Bei ya boneti nzima ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu afikirie mara mbili, ndiyo maana napendekeza ukingo wa mbele tu kwa anayebana matumizi, ingawa mstari wa mwisho wa filamu utaonekana. Gharama ya taa mbili, kwa upande mwingine, ilikuwa ndogo kuliko bei niliyotajiwa ya taa moja iliyotumika, na hapo sikuona sababu ya kusita.

Jambo linaloamua matokeo kuliko chapa ya filamu ni aina ya plastiki na mkono wa fundi. Filamu za bei rahisi mara nyingi ni za PVC, ambazo hugeuka manjano na kukakamaa juani, na mwishowe zikaipa taa ileile rangi tuliyokuwa tukiikimbia. Mteja aombe kipande akivute: poliurethani hunyumbuka na kurudi, PVC hubaki imevutika au hukataa kunyumbuka. Aulize pia kama filamu itakatwa kwa mashine kufuata ramani ya gari au kwa wembe juu ya gari lenyewe, kwa sababu wembe usio na nidhamu huacha mstari kwenye rangi, nao huonekana siku filamu itakapobanduliwa. Filamu nyeusi ya kupendezesha taa isikubaliwe, kwa kuwa inapunguza mwanga ambao tumelipa kuurudisha. Na ikiwa ukungu uko upande wa ndani wa taa, kutokana na maji yaliyoingia au balbu zenye wati kubwa kuliko zile taa ilizotengenezewa, filamu haitasaidia chochote. Taa hiyo ifunguliwe na kuzibwa upya, au ibadilishwe.