Kupanda Mazeras kwa Open Rails: Tathmini ya Programu ya Kuendesha Treni

Malindi haijawahi kufikiwa na reli. Ami yangu, aliyekuwa fayamani wa garimoshi hadi mwisho wa enzi za mvuke, kila alipopewa likizo alishuka stesheni ya Mombasa, akapanda basi, akavuka feri ya Kilifi kabla daraja halijajengwa, na kufika nyumbani Shela, hapa Malindi, nguo zikinuka mafuta. Nimekua nikisikia habari za injini ambazo sikuwahi kuziona zikitembea. Ndiyo sababu, nilipoanza kuijenga upya njia ya zamani ya Mombasa hadi Mazeras ndani ya kompyuta, nilitafuta programu ambayo ingeniwezesha kumkalisha ami mbele yake bila kuona haya. Baada ya mwaka mmoja na ushei wa kuitumia Open Rails, ninaweza kueleza ni wapi imenitosheleza na ni wapi inamtaka mjenzi awe na subira.

Open Rails ni programu ya bure, inatengenezwa na watu wanaojitolea, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia. Inaendeshwa kwenye Windows na husoma njia na mabehewa yaliyotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, kwa hiyo anayeianza leo anakuta hazina ya kazi za zaidi ya miaka 20. Ila jambo moja lifahamike mapema: programu yenyewe haina karakana ya kujengea njia. Ujenzi hufanywa kwa kihariri cha zamani cha Microsoft au kwa kihariri kingine kiitwacho TSRE5, na mimi nilichagua hii ya pili kwa sababu inaweza kusoma data za mwinuko wa ardhi na kuinua vilima yenyewe.

Data hizo ni zile zilizopimwa kwa rada na chombo cha angani Endeavour mnamo Februari 2000, na kwa kazi yangu zilikuwa na baraka ambayo sikuitarajia. Reli mpya ya SGR ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na ujenzi wake ulichimba na kujaza ardhi kati ya Mombasa na bara. Rada ilipita kabla ya hayo yote, kwa hiyo vilima nilivyopata ni vile reli ya zamani ilivyovijua. Upungufu wake ni kwamba rada hiyo huhesabu vilele vya miti kuwa ardhi. Kandokando ya maji ya Makupa na Port Reitz mikoko ilinipa kingo za mita kadhaa mahali ambapo kwa kweli pana tope linalofunikwa na maji kujaa, nami nikalazimika kuzishusha kwa mkono, kigae kimoja baada ya kingine. Kila kigae cha ardhi katika mfumo huu ni mraba wa mita 2,048, na nukta zake za mwinuko zimeachana kwa mita 8. Kwa tuta jembamba la reli, mita 8 ni nyingi, na ukingo wake huonekana kama ngazi usipokuwa mwangalifu.

Sasa nije kwenye wembamba wenyewe wa reli. Njia ya kwenda Uganda, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa na upana wa milimita 1,000, ilhali SGR ina 1,435. Vipande vya reli vinavyokuja na michezo ya aina hii vimechorwa kwa upana wa Ulaya, na anayeviweka tu na kuweka juu yake behewa la Afrika Mashariki anapata kitu ambacho jicho linakikataa papo hapo, hata la mtu asiyejua tofauti ni nini. Nilivichora upya vyote katika Blender, programu ya kuchorea maumbo, nikasogeza reli pamoja na kufupisha mataruma. Hiyo ni sura tu. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba katika faili la maandishi la kila behewa mna mahali pa kuandika upana wa reli na umbali kati ya magurudumu, na programu inavitumia kukokotoa jinsi kona inavyolizuia gurudumu. Treni yangu ilipoingia kona kali ilianza kulemewa kwa namna iliyonionyesha kwamba upana ule si rangi ya kupaka, bali umo ndani ya hesabu. Faili hizi hufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi, na hilo ni jambo kubwa kwa sisi tunaojifunza wenyewe bila mwalimu.

Injini niliyoitengeneza ni ya daraja la 59, zile Garratt ambazo Beyer Peacock wa Manchester waliziunda 34 katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyopata kuzishinda kwa nguvu. Mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, nami nilizipima kwa macho na kwa picha mara tatu. Kwa kuwa Garratt ina injini mbili zinazobeba boila kati yake, niliigawa vipande vitatu vilivyounganishwa ili ikunje kona kama inavyopasa.

Uwezo wa kweli wa Open Rails uko kwenye mvuke. Programu inafuatilia joto la moto, maji yanayogeuka mvuke, mvuke unaoingia kwenye silinda na kiasi kinachopotea, na unaweza kumwacha mwangalizi wa moto wa kompyuta akusaidie au ukaifanya kazi hiyo mwenyewe. Injini za daraja la 59 zilitakiwa kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Ukipiga hesabu, mzigo huo pamoja na injini unarudi nyuma kwa nguvu ya karibu tani 22, na injini kwa uwezo wake wote ilivuta kiasi cha tani 38. Kilichobaki ndicho cha kushindana na kona, msuguano na uzembe wa dereva. Nilipofunga mabehewa ya uzito huo na kuyapeleka Miritini, kipimo cha mvuke kilianza kwenye ratili 225 kwa inchi ya mraba, kikashuka polepole, na kabla sijaumaliza mzunguko ule ulio karibu na Mazeras, ambapo reli hujizungusha duara zima na kupita juu yake yenyewe ili ipate urefu wa kupandia, treni ilikuwa imesimama. Nilijaribu siku nne. Nikaanza kushuku hesabu za programu.

Jioni ya tano nilimwita ami. Aliingia, tukaamkiana masalkheri, nikamsogezea kiti na kikombe cha kahawa chungu. Jambo la kwanza aliloliona halikuhusu kipimo hata kidogo. Alivaa miwani, akainamia skrini na kusema, “Mwanangu, dohani hii umeitoa wapi? Mimi nilipoingia kazini zilikuwa zimekwisha kuwekwa ile bapa, ndefu, kama sanduku.” Alikuwa amesema kweli: nilikuwa nimechora dohani ya mviringo ya miaka ya 1950, na baadaye injini hizo ziliwekwa dohani ya Giesl, ambayo ni bapa. Kisha akatazama mkono wangu. Nilikuwa nimefungua hadi mwisho injekta, kile kifaa cha kuingizia maji kwenye boila, katikati ya kilima, kwa hofu kwamba glasi ya maji inapungua.

“Punguza hiyo,” alisema. “Maji baridi hayatiwi mengi kwa pamoja injini ikiwa imeshika mzigo, utaua mvuke wako mwenyewe. Tia maji ungali tambarare, kabla ya Miritini, uanze kupanda glasi ikiwa imejaa.”

Tulirudi Changamwe. Nikatia maji mapema kama alivyoagiza, nikaipunguza injekta mguuni mwa kilima, nikapunguza ule mwanya wa mvuke kwenye silinda kidogo kidogo huku yeye akinihesabia kwa kidole mezani. Mvuke ulishuka hadi ratili 190 ukakataa kushuka zaidi. Tuliingia Mazeras kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ami hakusema neno, ila aliendelea kuutazama moshi, akaniambia kwamba moto wa mafuta ukitoa moshi mweusi umeyamwaga mafuta bure, na usipotoa moshi kabisa umeingiza hewa nyingi mno. Anayejua kazi huacha ukungu mwepesi tu juu ya dohani. Programu niliyokuwa naishuku ilikuwa imekokotoa sawasawa, na kosa lilikuwa langu.

Kuhusu sura sitasema mengi. Mwanga na maji ya bahari havifikii uzuri wa michezo mipya inayouzwa kwa bei kubwa, na minazi yangu ikitazamwa kwa karibu ni karatasi zilizopishana. Mwenye kutafuta picha za kupendeza ataridhika zaidi kwingine. Kwa upande mwingine, kompyuta yangu ni ya mkono wa pili na haina kadi ya picha ya maana, lakini njia nzima inakwenda bila kukwama, hata pale Mombasa ambapo nimepanga mabehewa mengi uani.

Anayetaka kuanza ninamshauri asianze na ujenzi. Apakue kwanza njia iliyokwisha kukamilika, ajifunze kuisimamisha treni nzito mahali anapotaka, kisha asome sehemu ya mwongozo inayohusu injini za mvuke, ambayo ni ndefu lakini imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Akishaanza kujenga, ahifadhi nakala kila baada ya nusu saa. Nilipoteza mzunguko wote wa Mazeras usiku mmoja umeme ulipokatika nikiwa katikati ya kuhifadhi, na kuupanga upya ili reli ya juu ipite sawasawa juu ya ile ya chini kulinichukua wiki mbili. Tangu hapo nakala yangu ya pili inakaa kwenye flashi ndani ya kabati la ami.

Dohani bapa nimekwisha kuichora. Kipande kinachofuata ni Mazeras hadi Mariakani, na ami amekwisha kuniambia ni upande upi wa stesheni palipokuwa na tangi la maji.