Walinzi wa mikutano ya kampeni hapa Columbus: ukumbini wanaweza, bustanini bado

Ukumbini nawapa nyota nne kati ya tano. Bustanini nawapa mbili. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaosaidia kampeni hapa Ohio, maana siku hizi uchaguzi wa bodi ya shule au wa baraza la jiji haupiti bila watu wetu kuwemo, na swali ninaloulizwa kila mara ni moja: mtu akija kutuharibia mkutano, tunaruhusiwa kumtoa?

Jina la kampuni silitaji kwa sababu malalamiko yangu yako mezani kwa meneja. Ni kampuni ndogo, inatoza dola 38 kwa saa kwa kila mlinzi, na haiji kwa kazi ya chini ya saa nne. Walinzi walifika na kadi zao za usajili za Idara ya Usalama wa Umma ya Ohio, wakazionyesha kabla hatujaomba. Angalieni hilo kwanza, kwa kuwa wapo wanaokuletea mabaunsa wenye fulana nyeusi tu.

Kilichonivuta kwao ni jibu la meneja nilipomuuliza watamjuaje mtu aliyekuja kufanya fujo. Alisema, "Kwa anachofanya. Sura yake haituhusu." Jibu hilo lilikuwa na uzito kwangu. Januari 2016, Rock Hill, South Carolina, mwanamke Mwislamu mwenye hijabu alitolewa kwenye mkutano wa Donald Trump akiwa amesimama kimya. Nusu ya ukumbi wetu huwa ni akina mama wenye hijabu, na sitaki mama yeyote aulizwe mlangoni amekuja kufanya nini.

Ukumbi tuliukodi, na mkataba ulitupa eneo lote kwa jioni ile, kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Tangazo letu lilisema "wote mnakaribishwa", na wengi hudhani ukishasema hivyo huwezi tena kumwambia mtu atoke. Unaweza. Ukimkaribisha mtu umempa ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Kifungu cha 2911.21 cha sheria za Ohio kinasema ni kosa kukataa kuondoka baada ya kuambiwa na mwenye eneo, au anayelishikilia kihalali, au wakala wake. Adhabu yake hufika siku 30 jela na faini ya dola 250. Kwa hiyo mtu akizomea, hajawa mhalifu kwa kifungu hicho. Anakuwa na kosa pale anapoambiwa atoke, akasikia, akagoma. Mlinzi anayeruka hatua hiyo na kumkamata mtu kola anaweza kukuachia kesi ya kujeruhi.

Hapa ndipo kampuni hii ilipofanya kazi ya kulipiwa. Mgombea wetu alipofika kwenye suala la mabasi ya shule, mzee mmoja aliyekaa safu ya tatu alisimama akaanza kupaza sauti, na hakunyamaza. Aliyemwendea ni mlinzi kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Hakusimama mbele ya mzee. Alichuchumaa pembeni ya kiti, mikono ameikunja mbele ambapo kila mtu anaiona, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo mzee. Naomba tukazungumze nje, watu wapate kumsikia mgombea." Mzee akakataa. Kijana akangoja. Akarudia, safari hii akiwa na mratibu wetu kando yake kama shahidi: "Mzee, wenye mkutano wanakuomba utoke. Ukibaki, tutalazimika kuwaita polisi, na mimi sitaki ufikie huko." Akampa muda wa kuchukua koti na kofia yake. Mzee akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akilalamika njia nzima, na kijana akamfungulia mlango. Hakuna aliyemgusa.

Mgombea naye alikuwa amefundishwa. Meneja alimwambia mapema kwamba fujo ikitokea anyamaze, anywe maji, asitoe amri yoyote kwenye maiki. Sababu ni Louisville, Kentucky, Machi 1, 2016, ambapo Trump alisema jukwaani kwamba waandamanaji watolewe, na watu waliokuwa ukumbini wakawasukuma. Walioguswa walishitaki. Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Kanda ya Sita, ambayo Ohio nayo iko chini yake, ilisema mwaka 2018 kwamba maneno yale hayakuwa uchochezi wa ghasia, ikazingatia pia kwamba alisema wasiumizwe. Alishinda, lakini kampeni ndogo kama yetu itatoa wapi pesa za kesi ya miaka miwili?

Bustanini mambo yalikwenda vibaya. Tulikuwa na kibali cha jiji cha jukwaa na sehemu ya majani iliyozungushiwa kamba. Nje ya kamba kuna njia ya waenda kwa miguu, na hapo alisimama bwana mmoja na bango la kumpinga mgombea wetu. Hakuziba njia wala hakuwa na kipaza sauti. Mlinzi mmoja akavuka kamba, akamwambia hapa ni mkutano binafsi, aondoke. Yule bwana akaanza kukunja bango. Nilikwenda mbio nikamwambia abaki, na mlinzi nikamrudisha ndani.

Njia ile si yetu. Mtaa, bustani na njia za miguu ni mahali ambapo Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru wa kusema, yanamlinda mtu kwa nguvu zote, na kibali chetu kiliishia kwenye kamba. Hata polisi hawaruhusiwi kumwondoa mzungumzaji eti kwa sababu umati umemkasirikia. Mahakama hiyohiyo ya Kanda ya Sita iliamua hivyo mwaka 2015, katika kesi ya wahubiri waliotolewa kwenye tamasha la Waarabu huko Dearborn, Michigan. Mlinzi wa kukodi atapata wapi mamlaka ambayo polisi hana?

Ndani ya kamba ni jambo jingine, na watu wetu walijue. Mwaka 1992 kampeni ya Rais Bush, yule baba, na makamu wake Quayle ilipewa kibali cha uwanja wa mji wa Strongsville, hapahapa Ohio, na mwanafunzi mwenye beji ya mpinzani wao, Clinton, akazuiwa mlangoni. Mwaka 1996 majaji walisema waandaaji wenye kibali hawalazimiki kubeba ujumbe wa mpinzani ndani ya mkutano wao. Mimi binafsi nisingemzuia mtoto yule, angekaa asikilize. Lakini haki hiyo waandaaji wanayo.

Ikiwa aliyekualika ni kiongozi aliye madarakani, kwenye shughuli ya ofisi yake inayolipwa kwa pesa za umma, usifuate mfano wa Strongsville. Mwaka 2004 mume na mke walikamatwa Charleston, West Virginia, kwa kuvaa fulana za kumpinga Bush, yule mtoto, alipofika pale kama rais. Kosa lililoandikwa ni kukaa mahali bila idhini. Mashtaka yalifutwa, na mwaka 2007 serikali ikakubali kuwalipa dola 80,000.

Nilimwandikia meneja usiku uleule. Alinipigia simu, akasikiliza hadi mwisho, akaniambia mlinzi yule hakuwa amepitia mafunzo ya mikutano ya nje. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu bei niliyolipa ni ileile. Kaniahidi kubadilisha utaratibu, sijaona bado.

Mkiwakodi, kwa ukumbi waiteni bila wasiwasi, na muombeni kijana wa Nyarugusu. Kwa bustani, tembeeni na walinzi kwenye mpaka wa kibali kabla watu hawajafika, muwaonyeshe kamba kwa kidole. Na kwenye mkataba waandike jina la mtu mmoja tu wa kampeni mwenye mamlaka ya kuagiza mtu atolewe, na namba yake ya simu ikae mfukoni mwa kila mlinzi.