Kitendawili changu wamekirusha ardhini

Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne hawa wanaorusha utani wa wateja kwenye nyota za mbali kwa dishi la redio. Fomu yao haina usumbufu: unaandika utani wako, unachagua nyota, unalipa, cheti kinakuja kwa barua pepe. Nilichagua Alfa Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4 na ushei, nikawategea wenyeji wake kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Wangejibu upesi, jibu lingefika ndani ya miaka tisa.

Halafu nikasoma cheti. Dishi liko latitudo 45 kaskazini. Alfa Centauri iko nyuzi 61 hivi kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia. Hesabu ni ya kutoa tu: 90 kasoro latitudo ya dishi. Hapo inabaki 45, na nyota iliyo kusini zaidi ya hiyo 45 haichomozi mahali hapo, iwe usiku au mchana, mwaka mzima. Kwa hiyo ama walilenga udongo, ama walilenga kwingine na cheti ni cha uongo.

Nikawauliza. Wakajibu: "Hadi sasa hakuna mpokeaji aliyelalamika." Na kikatuni cha kucheka juu yake! Mteja aliyelipa anauliza dishi lilitazama wapi, wewe unamcheka?

Nyota moja basi. Au mbili, maana angalau wametaja dishi lilipo, jambo ambalo tapeli halisi angelificha.

Kabla ya kulipa, uliza kama dishi linaifuata nyota. Dishi la mita 5 kwenye gigahezi 6 hutoa mwali wenye upana wa nyuzi 0.7 tu, na Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4. Likisimama tu, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga hutoka kwenye mwali kabla ya dakika 3 kwisha. "Mrusho wa saa nzima" hapo ni kuchoma umeme.

Na maneno matupu nani atayasoma? Ujumbe wa Arecibo, uliorushwa kwa redio kwenda kwenye nyota mwaka 1974, ulikuwa biti 1,679 (kila biti ni 0 au 1) kwa sababu 1,679 ni 23 mara 73, zote namba tasa. Mpokeaji akizipanga kwa safu anapata picha. Fomu ya hawa inakata kwenye herufi 300, kwa hiyo chora miraba 13 kwa 23, jumla 299, uijaze 0 na 1 bila kuruka mstari. Wakubali kwanza kwa maandishi kwamba kila tarakimu itarushwa kama biti moja. Wakiichukulia kama herufi, kila moja inakuwa biti 8 na picha imekwisha.

Nikilikumbuka lile jibu, ile nyota ya pili naifuta. Kama bado unawataka, chagua nyota iitwayo 61 Cygni, miaka ya nuru 11 na kitu. Hiyo hupita karibu na utosi wa dishi lao.