Vitambulisho vya watoto wa miaka 16 na 14 kwenye meli ya kitalii: uzoefu wangu

Binti yangu ana kitambulisho cha shule alichopigiwa picha Kidato cha Kwanza, siku mbili baada ya kunyolewa kipara cha kuripoti. Sasa yuko Kidato cha Tatu, na Agosti tuliposafiri alikuwa amesukwa rasta za kufika kiunoni. Askari wa lango la bandari ya Civitavecchia, Italia, aliishika kadi ile, akamtazama binti, akaitazama tena kadi, kisha akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama hii si ya kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa nyuma yangu akimalizia aiskrimu.

Leo tunalicheka jambo hilo mezani. Siku ile sikucheka. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, meli ilitutaka ndani kabla ya saa kumi na mbili, baba watoto alikuwa amebaki kitandani na mguu uliovimba, na jina langu la ukoo na la watoto hayana undugu wowote.

Nikisikia wazazi wenzangu hapa Nairobi wakipanga safari za meli, wanaulizana bei, viza, na kama chakula kina pilipili. Hakuna anayeuliza mtoto wa sekondari atashuka bandarini na nini mfukoni. Kitambulisho cha taifa kwetu hutolewa ukifika miaka 18. Kabla ya hapo mtoto ana pasipoti na cheti cha kuzaliwa, basi. Mtoto wa miaka sita utamshika mkono upite naye. Lakini msichana aliyemzidi mama yake urefu, nani ataamini ni mtoto?

Upande wa Nairobi sina malalamiko makubwa. Pasipoti za watoto tuliziombea eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, tukaenda nao ofisi za uhamiaji Nyayo House, kwa maana mtoto huenda na mzazi, na tukabeba vyeti vya kuzaliwa na nakala za vitambulisho vyetu. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, tuliomba Italia, kwa kuwa njia yetu ilikuwa Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia, Messina, Valletta na kurudi Barcelona, na bandari tatu kati ya hizo ni za Italia. Kilichoniuma ni hiki: kuanzia miaka 12 mtoto anatoa alama za vidole kama mtu mzima na analipiwa kama mtu mzima, yuro 90. Nilikuwa nimepiga hesabu ya nusu bei kwa kitinda mimba wangu. Nusu bei, yaani yuro 45, ni ya watoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12. Wetu ana 14 na bado halali bila taa, lakini kwa wenye viza ni mzee.

Wakala aliyetuuzia safari, ambaye simtaji, nilimuuliza mara mbili: watoto wakishuka wabebe nini? Akanijibu, “Mama, kadi ya meli inatosha, hata usijisumbue.” Nusu ya jibu hilo ni kweli.

Kadi ya meli naipenda. Ni ndogo kama ya benki, inafungua chumba, inalipia soda (hapo ndipo uwe macho na vijana), na ukishuka au kupanda unaigusisha kwenye mashine mlangoni. Picha yako haipo kwenye kadi. Ilipigwa siku ya kupanda na inatokea kwenye skrini ya askari wa meli. Watoto wamewekwa pia chini ya majina ya wazazi wao. Tulipofika Marseille binti alitangulia kwa mwendo wa maringo, mashine ikalia, akazuiwa pale pale hadi sisi tukatokea. Chini ya miaka 18 hashuki peke yake. Alinuna hadi mchana, mimi nikaipa mashine nyota tano.

Ila kadi hiyo ina akili ikiwa mlangoni mwa meli tu. Nje ya hapo ni plastiki yenye jina, na ikipotea umebaki mtupu, kwa sababu pasipoti zetu zilichukuliwa mapokezi siku ya kwanza, tukapewa risiti. Kampuni nyingine huwaachia abiria pasipoti zao wazifungie kwenye sefu ya chumbani. Kwetu zilikaa kwao hadi mwisho wa safari. Ukiitaka unaiomba, lakini asubuhi ya kushuka foleni ya mapokezi ni ndefu na basi la Roma halikusubiri.

Basi kadi ya binti ikapotea kwenye treni ya kurudi kutoka Roma. Pale Largo della Pace, mahali mabasi ya bandari yanapochukua abiria wa meli, askari wa lango akataka kadi zetu. Mimi nikatoa, kijana akatoa, binti akaanza kupapasa mifuko. Ndipo akatoa kile cha shule, na ndipo tukafika kwenye habari ya kaka.

Kilichotuokoa ni kitu cha shilingi 150 kutoka saiberi ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Kabla ya safari nilikuwa nimepeleka pasipoti zetu pale kutolewa nakala za rangi. Kijana wa saiberi, kwa bidii yake, akaupunguza ukurasa wa picha hadi ukawa kama kadi ya benki, akaufunga kwa plastiki ngumu, akanikabidhi akitabasamu. Ulipendeza, ila nambari ya pasipoti ilikuwa kama msafara wa siafu. Nikamrudishia. Ya pili tukaitoa kwa ukubwa wa pasipoti yenyewe, mbele ukurasa wa picha, nyuma ukurasa wa viza, na hapo kila herufi ikasomeka. Nikaongeza nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa, zenye jina langu kama mama. Wakala angeniona angesema najisumbua.

Askari aliisoma nakala ya pasipoti polepole. Kwenye picha ile binti ana matuta, lakini uso ni wake. Kisha akauliza, huyu nawe mna uhusiano gani? Hapo cheti cha kuzaliwa kikafanya kazi ambayo pasipoti haiwezi, maana pasipoti yake haisemi mama yake ni nani. Akapiga simu melini, wakalitafuta jina, tukapakiwa kwenye basi. Mlangoni mwa meli skrini ikamwonyesha binti na rasta zake zote kama alivyo, na mapokezi wakamtolea kadi nyingine. Yote ilichukua kama dakika ishirini. Kwa mwendo wa moyo wangu, ni siku mbili.

Sasa, nakala ni nakala. Haikuvushi mpaka, na askari akiamua kutoitambua huna la kumlazimisha. Kwenye njia yetu bandari zote zilikuwa za nchi za Schengen ndiyo maana ikatosha. Kama meli yako inapitia Uturuki, Tunisia au Montenegro, hapo viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi ukitoka. Unahitaji ya kuingia mara nyingi, na pasipoti yenyewe uulizie mapema nani ataishika siku hiyo.

Kitambulisho cha shule nakipa nyota mbili. Kina picha na muhuri, ila hakina tarehe ya kuzaliwa, na mwenye kipara hafanani na mwenye rasta. Kijana wetu wa Gredi ya 8 hana kabisa, shule yao haitoi. Picha ya pasipoti kwenye simu naipa moja: simu ya kijana ilikuwa na chaji asilimia nne kutokana na mchezo wa mpira.

Baada ya Civitavecchia nilibadilisha utaratibu. Kila mtoto alitembea na kadi ya meli kwenye kamba ya shingoni, ndani ya shati, na nakala yake kwenye mfuko wenye zipu. Vyeti nilibaki navyo mimi. Messina hakuna aliyetuuliza kitu. Valletta vilevile, tukapanda lifti ya Barrakka kutoka bandarini hadi mjini kama watu wasio na historia. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake naye abebe barua ya idhini ya huyo mwingine iliyoshuhudiwa na wakili. Kwenye viza wataitaka, na hata uwanja wa ndege unaweza kuulizwa.

Binti ameomba shule impige picha mpya ya kitambulisho. Mwalimu wa zamu amemwambia sawa, akishafumua hizo rasta.